Meno Mawili Mazima

Nimeng'oa meno kwa miaka kumi na tisa. Yaliyooza, yaliyovunjika, yaliyoota yalikotaka yenyewe. Karibu yote nimeyasahau.

Ila kuna mawili hayanitoki kichwani. Yalikuwa mazima, hayana hata doa. Na niliyang'oa kwa mkono huu huu.

Twende taratibu.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuja asubuhi ameshika shavu. Jino la nyuma, kushoto. Nikapiga picha. Picha safi.

"Mama, hili jino halina kitu."

"Daktari, maumivu ni yangu au ya picha?"

Akanibana. Nje benchi limejaa, watu wanaguna, na mimi enzi hizo sifa yangu ilikuwa kumaliza foleni. Nikachoma ganzi, nikang'oa.

Nikamwandikia vidonge vikali vya maumivu, vile ambavyo dukani hawakupi bila karatasi ya daktari. Thelathini. Wote nilikuwa nawaandikia hivyo, ili mtu asinisumbue kwa simu.

Wiki tatu baadaye, huyo tena. Jino la kulia. Picha safi. Nikang'oa. Thelathini.

Najua mnachowaza: huyu ni daktari au mchuuzi? Hata mimi najiuliza.

Mara ya tatu nikamwambia anionyeshe linalouma. Akagusa la chini. Kisha akagusa la juu. Nikaweka koleo chini.

"Mama, leo sing'oi."

"Basi ng'oa la mbele."

"La mbele linauma?"

"Chagua lolote, daktari. Ila karatasi usininyime."

Halafu, aibu yangu, nikajiona mjanja. Nimemnasa mraibu.

"Mficha maradhi, mama, kilio humuumbua. Unameza vingapi kwa siku?"

Akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Mimi? Sijameza hata kimoja. Maumivu ya yale mawili niliyavumilia kwa maji ya chumvi."

"Sasa vilikuwa vya nani?"

"Ni vya kaka yangu," akasema. "Yuko hapo nje kwenye benchi. Akivikosa anatetemeka, anatapika, anapigiza kichwa ukutani. Miezi miwili iliyopita alikwenda kujitafutia mtaani, tukamwokota mtaroni pumzi zinakatika. Nikasema bora meno yangu."

"Nani alimwanzishia?"

Akatazama mlango, uliokuwa wazi.

Aliyejibu ni Bi Kufuli, mama yetu wa mapokezi. Tunamwita hivyo kwa sababu mafaili hayatoki kabatini bila idhini yake. Alikuwa amemtambua yule wa benchini tangu asubuhi. Akaingia, akaweka faili lake huyo kaka mezani, akatoka kimya, yeye anayeongea hata usingizini.

Mwandiko wangu.

Gego la mwisho nimeling'oa, miezi minane nyuma. Thelathini. Wiki mbili baadaye, thelathini. Tena thelathini. Halafu, kwa wino mwekundu: "Anasumbua. Asipewe tena."

Yaani alikuja kuomba msaada, nami nikamfukuza.

Nikatoka nje. Jamaa mwenye kofia, fundi ujenzi. Nilishampita pale mara tatu na kumwitikia salamu bila kumjua. Mikono ameibana katikati ya magoti isitetemeke.

"Kaka, kwa nini hukuacha maumivu yalipoisha?"

Akanishangaa kweli.

"Yaliisha siku ya pili, daktari. Lakini ulinipa pakiti mbili ukasema, meza mpaka ziishe, hata ukijisikia umepona. Basi nikameza mpaka zikaisha."

Jamani.

Maneno hayo ni ya dawa ya kuua vijidudu. Ile pakiti nyingine, ya maumivu, nilitakiwa kumwambia aache mara tu maumivu yakipoa. Mimi niliziunganisha zote mbili kwa pumzi moja, nikaita mgonjwa mwingine.

Siku hiyo nilifunga chumba, nikampeleka mwenyewe kwenye kliniki ya waraibu. Alihudhuria miezi mitatu. Akaanza kunenepa, akarudi kazini. Kisha akateleza mara moja, akameza kipimo cha zamani ambacho mwili haukukizoea tena, na hiyo moja ikatosha.

Msibani dada yake alinipa mkono. "Asante kwa kujaribu, daktari." Alipokuwa akisema nikayaona mapengo, kushoto na kulia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Wenzangu wa koleo, andikeni vidonge vya siku mbili, si thelathini. Na anayerudi kuomba zaidi msimfukuze. Huyo ndiye wa kumkalisha chini.

Na wewe unayesoma, ukipewa pakiti mbili, uliza kila moja inaachwa lini. Uliza hata kama daktari amenuna. Yule kaka hakuuliza, kwa sababu aliniheshimu.