Dania ya Upande wa Baba Mdogo

Juzi sokoni Kanyakine niliona mmea wa majani marefu kama panga ukiuzwa ndani ya chungu, eti pambo la sebuleni. Nikakasirika upya.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mama alinipa jembe. "Hayo maua yameshakuwa msitu. Ng'oa kila kitu kisicholiwa, tupande dania." Nililima mpaka viganja vikatoka malengelenge, udongo ukinuka mvua. Niling'oa hata ule mstari wa majani marefu, wenye mizizi migumu kuliko yote, kisha nikamwaga mbegu papo hapo. Nilingoja sifa. Mama alipoona, alishika kichwa.

"Huo ulikuwa mpaka wetu na baba yako mdogo!"

Si angesema mapema? Kwangu yalikuwa magugu tu.

Jioni hiyo baba mdogo alikuja, akaipanda upya mimea ile huku akipiga mluzi, hatua mbili ndani ya shamba letu. Baba alikuwa kazini mbali, na mama hakuthubutu kumbishia shemeji yake.

Dania iliota vizuri ajabu. Harufu yake ilifika hadi jikoni kwetu. Na kila mchuzi ulipokuwa motoni, mama alinipa bakuli.

"Nenda umwombe baba mdogo dania kidogo. Na useme tafadhali."