Vidonge Ndani ya Gunia la Pamba

Mnisamehe mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea, niliishia darasa la saba. Leo nimenusa gunia lililojaa pamba, nikakumbuka.

Mama aliumwa figo. Daktari alisema kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayozishambulia, akampa vidonge vya presha na vingine vyeupe vya kuipunguza hiyo kinga. Uso wake ukavimba, ukawa mviringo. Bibi, mama yake, akaninong'oneza, "Dawa gani inamnyang'anya mgonjwa nguvu? Hao wanamuua mwanangu. Usimpe."

Nilimwamini bibi. Kila asubuhi mimi ndiye niliyempelekea mama dawa kitandani. Nikawa nampa vya presha tu, vile vyeupe navisukuma ndani ya gunia la pamba. Mama alimeza bila kuuliza. Miguu yake ikaanza kujaa maji.

Siku ya kuuza pamba yetu, mnunuzi, mmoja wa wale binafsi walioanza kuja na malori yao, alishuku tumechanganya mchanga kuongeza uzito. Akamwaga gunia lote chini. Vidonge vikatawanyika. Akamgeukia mama, akamwita kwa Kisukuma:

"Eeh, mayu! Bariadi siku hizi pamba mnaiongezea uzito kwa vidonge?"

Watu wakacheka. Mama aliinama kwa shida, akaviokota kimoja kimoja, kisha akanitazama mimi, siyo bibi.

Hakunipiga. Mpaka leo dawa zake anazifunga kwenye pindo la kanga, na maji ya kumezea anachota mwenyewe.

Wewe unayesoma, kama mama yako aliwahi kukuamini tena, niandikie ilichukua muda gani.