Siku Niliyowadanganya Akina Mama wa Sori

Nakumbuka siku niliyoshuka Sori, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nikiwa na viatu vya visigino virefu na kompyuta begani, mwanangu, nikienda kuwafundisha mambo ya fedha wanawake waliokuwa wakifanya biashara kabla sijazaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi ni mzaliwa wa Kendu Bay, wa kwanza kwetu kusomea uchumi, na ofisi moja ya washauri wa uwekezaji kule Kisumu ilikuwa imeniajiri miezi michache tu kabla. Nilijiona nimefika. Mtu wa nyumbani akiniuliza habari za mama yangu, mimi namjibu kwa habari za riba na masoko ya ng'ambo. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Wanawake wale walikuwa na chama chao cha wauzaji wa omena, dagaa wadogo wa ziwa letu. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Perpetua, mjane mfupi mwenye sauti nzito, aliyesomesha watoto watano kwa omena hizo hizo. Kwa miaka minane walikuwa wameweka akiba bila kuigusa, na sasa walitaka kujua waipeleke wapi. Tukakaa katika ukumbi wa kanisa. Nikawaonyesha michoro yenye mistari inayopanda tu, nikawashauri akiba yote waitie katika hisa za kampuni moja iliyokuwa ikisifiwa sana wakati ule.

Mama Perpetua akainua mkono. "Nyar Kendu," akaniita, yaani binti wa Kendu, "na wewe pesa zako umeweka wapi?"

Sikuwa na hisa hata moja. Mshahara wangu ulikuwa ukiishia kwenye nguo na kodi ya nyumba. Lakini ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama, na ulimi ukanitangulia.

"Hata mimi nimeweka huko huko, mama."

Wakapiga makofi. Wakakubaliana kukutana tena kesho yake saa nne, watie sahihi.

Usiku ule nililala kwa Mama Perpetua. Alinipikia samaki, akaniachia kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi. Asubuhi akanichukua hadi ufukweni, mahali wanapoanika omena.

"Hizi safi ni za watu kula," akaniambia. "Zile zimeshika mchanga, zinaenda kwa kiwanda cha chakula cha kuku. Na hizi zinangoja lori za Kongo."

Nikamuuliza kwa nini asiwauzie Wakongo zote, maana ndio waliokuwa wakilipa vizuri. Alinitazama kwa huruma kidogo.

"Huko kwao kukiwa na vita, lori haiji. Shilingi yetu ikipata nguvu sana, lori haiji. Nimewahi kukaa hapa omena zikinioza kwa mvua, kwa sababu ya mambo ya watu hata siwajui. Siwezi rudia hiyo."

Mwanangu, jambo lile, la kutotegemea mahali pamoja, nilikuwa nimelisomea miaka minne, na jina lake la darasani nililijua. Yeye alilijua kwa hasara aliyoipata. Na bado mwanamke huyu, saa chache baadaye, angetia akiba yote ya wenzake mahali pamoja.

"Mama," nikamuuliza, "sasa mbona jana ulikubali?"

"Si ulisema zako ziko huko? Nikasema huyu msichana amesoma. Kama ameweka mali yake, basi ameona kitu mimi sijaona."

Ningeweza kunyamaza. Karatasi zilikuwa tayari, na mkuu wangu Kisumu alikuwa akingoja habari njema.

"Nilidanganya, mama. Sina hata hisa moja."

Aligeuza omena zake. Kisha akasema, "Sawa. Mimi umeniambia. Wale wengine utawaambia saa ngapi?"

Saa nne nikasimama mbele yao wote, nikakiri uongo wangu. Wengine walisonya. Mama Risper, mweka hazina, alichukua mkoba wake akatoka, na ilipita mwaka mzima kabla hajaniitikia salamu. Kazini nilipewa barua ya onyo. Sikulalamika, nilistahili. Lakini pale ukumbini, nilipokuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu, Mama Perpetua aliniambia nikae chini. "Tuanze upya," akasema. "Na mara hii utuambie na yale hujui."

Tulikaa siku mbili. Sehemu ya akiba wakaikopesha serikali kwa kununua hatifungani. Sehemu wakajengea stoo na vichanja vya kuanikia, omena zisiguse mchanga tena. Sehemu wakaiacha mahali ambapo wangeweza kuitoa upesi. Kiasi kidogo tu kikaenda kwenye hisa, za kampuni ile na za nyingine. Mwezi uliofuata na mimi nikanunua zangu za kwanza, chache mno.

Labda unangoja nikuambie kampuni ile ilianguka. Haikuanguka. Ilipanda miaka miwili zaidi, na mama mmoja alinishika mkono sokoni akaniambia, nusu akicheka, "Si ungetuacha tu na uongo wako?"

Kisha ukaja msimu ambao lori zilikoma kuja. Vita vya mbali vikapandisha petroli ya injini za boti, bei ikipangwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina Sori. Wafanyabiashara wengi wa ufukweni waliuza boti, wengine wakatoa watoto shuleni. Akina mama wa chama hawakuuza kitu. Walikula akiba ile ya kutoa upesi, na omena zao safi wakazipeleka kwa shule na masoko ya Migori. Siku moja Mama Perpetua akanipigia simu. "Nyar Kendu, tumevuka." Nilifunga mlango wa ofisi nikalia kama mtoto.

Leo nina ofisi yangu Homa Bay, jina langu liko juu ya mlango. Wakulima wa miwa wanatoka Uriri kuja kuniona, walimu wanatoka Kendu, na wengi huniambia wametumwa na akina mama wa Sori. Ninajivunia hilo kuliko cheti chochote. Ninajivunia zaidi wanawake wale, waliokaa na mtu aliyewadanganya, wakamfundisha kazi yake.

Basi wewe unayeanza kazi hii ya kushauri watu, wewe ambaye simu yako inakuonyesha kila saa mtu aliyetajirika jana, nisikilize. Usimshauri mtu jambo ambalo mwenyewe ungeliogopa. Usiweke kila ulicho nacho mahali pamoja, hata pakisifiwa na waliosoma. Fuatilia habari za dunia, maana zitafika mlangoni kwako. Na ukikosea, sema mapema, ungali na nafasi ya kurekebisha.

Mungu akupe akili iliyotulia na mikono safi, mwanangu. Akupe miaka mingi, uwaone waliokuamini wakizeeka bila hofu, na wakikutaja, wakutaje wakitabasamu.