Niliita Mara Moja

Siku moja kwenye makumbusho ya watoto, Stockholm, binti yangu alijenga nyumba ya maboksi na msichana mwingine. Wakati wa kuondoka yule akasahau glavu zake. Kwetu Burundi mama huitwa kwa jina la mwanawe, basi nikapaza sauti nikiita "Mama" na jina la yule msichana. Wakageuka wanawake wawili. Nikapandwa na hasira, nikidhani wananitania.

"Namwita mama yake!"

"Ndio sisi," wakajibu wakitabasamu.

Binti yangu akanisomea bango la mlangoni nililolipita bila kulitazama: leo tunakaribisha pia familia zenye mama wawili au baba wawili. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Pale niliita mara moja, wakaja wazazi wawili. Nyumbani Alby, nje kidogo ya Stockholm, namwita baba watoto mara tatu, haji mtu.