Tulioagwa kwenda Duqm

Mume wangu aliahidiwa kazi Duqm, mji wa bandari mbali na kwetu, kwenye kituo cha umeme wa makaa ya mawe ambacho kilikuwa kijengwe. Kwa ahadi hiyo tulirudisha funguo za fleti yetu ya kupanga mtaa wa Khuwair, tukahamia Al Amerat kwa mama yake, eti kwa muda mdogo tu. Mama mkwe akatusomea maulidi ya kutuaga. Halua ililiwa, majirani wakanikumbatia wakilia.

Kituo hakikujengwa. Hakuna hata aliyetupigia simu kutwambia. Mtoto wangu wa pili kazaliwa humuhumu, na mume wangu akiitwa kazi nyengine anasema anasubiri ya Duqm.

Juzi jirani kaja kunywa kahawa. "Ehe, mwanangu, bado mpo? Au mnataka tuje tuwaage tena?" Mama mkwe akacheka naye.

"Ile halua mlokula mngeitapika kwanza," nikamjibu.

Jioni mume wangu akanambia nikamwombe radhi mama yake, nimemwaibisha mbele ya mgeni. Nikamwambia nitaomba, tena kwa kupiga magoti, siku atakayonipangishia nyumba yangu mwenyewe, hata ikiwa ya chumba kimoja.