Nilitumwa Kilema kumsomea bibi mkataba, neno "masale" likaninyima fomu ya field

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikiona uzi wa kijana anayeuliza akimaliza sheria afanye nini, naandika jibu kisha nafuta. Leo naliacha. Ni yaliyonipata mwenyewe, chumvi sijaongeza. Nilipopunguza ni pale tu palipoweza kumtambulisha mtu.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwaka wa tatu, chuo Dar, nimerudi Moshi kwa field, yale mafunzo ya vitendo, kwenye ofisi ya wakili. Wakati huo kila mtu alikuwa anageuka kuwa kitu kingine. Makarani wa ushirika waliuza spea Himo, walimu waliuza mitumba, na kule juu watu waling'oa mibuni kimyakimya.

Mimi nilikuwa nageuka wakili. Nilikuwa na mashati mawili meupe na tai moja ya marehemu baba, na nilipita mitaa ya Njoro kama mtu aliyekwishashinda rufaa.

Kutoka chuo nilibeba mizigo miwili. Wa kwanza ni coursework ya sheria ya ardhi, insha kuhusu mipaka ya ardhi za kimila, ambayo niliikwepa muhula mzima hadi nikaomba muda wa nyongeza. Wa pili ni fomu ya tathmini. Wakili wa ofisi niliyopangiwa alitakiwa aijaze na kugonga muhuri. Bila fomu hakuna field, na bila field mwaka wa nne unausikia kwa wenzako.

Huyo wakili nitamwita Wakili, inatosha. Alikuwa mpole mno kwangu, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Wanaume wa kwetu hawana upole wa bure kwa mtu asiye mkwe wao.

Wiki ya pili akaniambia, "Kijana, ukimaliza usihangaike na Dar. Meza ile ya dirishani ni yako."

Meza ile ilikuwa na karani wake, ameikalia, anasikia.

Wenzangu kwenye ofisi nyingine walikuwa wanatumwa chai, mimi natengewa meza. Nikajiuliza ameona nini kwangu. Jibu lililonijia haraka lilikuwa kipaji. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mnisamehe.

Wiki ya nne jibu la pili likaja.

"Wewe si wa Kilema?"

"Ndiyo, mzee."

"Na Kichagga cha kule unakijua?"

"Ndicho nilichonyonya, mzee."

"Basi vizuri." Akanipa bahasha. Bibi mmoja wa kule Kilema mlimani, nitamwita Bibi Filomena, alikuwa anamuuzia mfanyabiashara shamba. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Kazi yangu ni kumsomea kwa lugha yake, aweke dole gumba, nami nisaini chini kwamba nimemfasiria na ameelewa.

"Ukirudi," akasema, "ile fomu uliyoniachia tuimalize."

Mkataba na fomu kwa pumzi moja. Nilinusa kitu, lakini nikapanda nao.

Kwa msio wa kwetu: Mchagga wa zamani alikuwa na ardhi mbili. Kihamba kiko juu, penye nyumba, migomba, kahawa na makaburi. Shamba liko chini tambarare, pa mahindi na maharage. Shamba unaweza kuliachia. Kihamba unakirithi na kukirithisha. Mtu wa mjini huita vyote shamba, na Kiingereza cha mkataba kiliita vyote kwa neno moja.

Nilimkuta Bibi anamenya ndizi uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikamtaja baba.

"Ah, wa yule aliyekuwa anaogopa ng'ombe. Kaa."

Kabla sijafungua bahasha alinieleza mwenyewe: anauza shamba la chini, magoti hayataki tena kushuka. "Hapa anakaa mwanangu Paskalina na wanawe. Mimi nitalala pale na mzee," akaonyesha kaburi kwa kisu.

Nikaanza kusoma, nikifasiri. Majina, akaitikia. Bei, akaitikia. Nikafika kwenye mipaka. Juu, mfereji. Chini, njia ya miguu. Pande mbili, masale. Neno hilo halina Kiingereza, kwa hiyo aliyeandika aliliacha lilivyo.

Bibi akaweka kisu chini. "Soma tena."

Nikasoma.

"Mjukuu wangu, tambarare uliona wapi masale?"

Masale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mpaka wa kihamba. Jani lake ndilo unampelekea mtu uliyemkosea, naye akilipokea ugomvi umekwisha. Kule chini mpaka ni jiwe, au ni ugomvi wenyewe.

Nikainua macho. Juu yetu mfereji. Chini, njia niliyopandia. Kulia masale, kushoto masale. Nilikuwa nimekaa ndani ya mkataba.

"Wamekosea kuandika, bibi."

"Nani?"

"Mpiga chapa."

"Mpiga chapa alipanda lini huku akayaona masale yangu?" Akafikiri kidogo. "Kuna mtu alikuja, akasema anahesabu mibuni. Nikampa na pombe ya mbege." Kisha akaniangalia. "Wewe huko Dar unasomea nini?"

"Sheria."

"Haya. Endelea kusoma."

Hakuweka dole, nami sikusaini.

Njiani kushuka nilimtetea Wakili kuliko nilivyowahi kumtetea mtu yeyote darasani. Majalada yamechanganyika. Karani ana kinyongo cha meza. Nilitaka sana liwe kosa, maana mwaka wangu wa nne ulikuwa kwenye mtoto wa meza yake.

Ofisini nikamweleza. Mtu aliyekosea huuliza kosa liko wapi, kisha huchukua karatasi akaangalia. Yeye hakuitazama. Aliuliza, "Umemwonyesha nani mwingine?"

Sijui ulimi ulilipata wapi jibu, lakini nikasema, "Padri wa parokia, mzee. Nimemwachia nakala."

Nakala haikuwepo. Huo ndio uongo wa kwanza wa taaluma yangu, na sijautubu.

Akatabasamu. "Makosa ya chapa hayo. Tutarekebisha. Na fomu yako tutaiangalia."

Aliiangalia mpaka field ikaisha. Mkataba haukurudi tena Kilema.

Nilirudia field mwaka uliofuata, mahakama ya mwanzo, wenzangu wakiwa mwaka wa nne. Insha niliiandika kwa siku tatu, mfano wangu ukiwa masale. Mwalimu alinipa alama nzuri, akaandika pembeni: "Masale ni nini? Fafanua."

Bibi alizikwa alipotaka, na Paskalina yupo mpaka leo. Mimi nasoma mikataba ya watu kwa mshahara. Mke wangu anasema hata kadi ya harusi naisoma nikitafuta mpaka wa kaskazini.

Mlio chuoni: mtu akikupa meza kabla hujamwonyesha kazi, uliza anataka uweke nini juu yake.

Ila nami nimesomea kumpa kila mtu haki yake, na hadi leo sina ushahidi wa kusimama nao. Kama humu yupo wakili aliyewahi kuambiwa mkataba wake una kosa, swali lake la kwanza likawa "Umemwonyesha nani mwingine?", na bado alikuwa mtu safi, ajitokeze anieleze. Nikiridhika, jani la masale nitalichuma mwenyewe.