Nilipima dawa za mum kwa lab, na ile inauzwa sana ikafeli

Wakuu, niaje. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Mathe wangu anauza dawa za miti shamba Soko la Toi tangu kabla nizaliwe. Kwetu ni Bungoma lakini nimekulia Kawangware. Hiyo mizizi na majani ndiyo yamenisomesha, kwa hivyo mnielewe nikifika mbele.

Saa hii niko campus, nasoma biochemistry. Wakati wa project ulipofika nikamwambia mum nataka kupima dawa zake mbili: majani ya vidonda, na mzizi wa tumbo. Huo mzizi ndio watu wa Kibera humfuatia.

Akacheka. "Pima. Dawa yangu haiogopi mtihani."

Akanifungia zote kwa gazeti, akanionyesha vile yeye huchemsha. Nikafanya hivyo hivyo lab.

Majani yalinipa raha wakuu. Unapanda bakteria kwa sahani ya lab, unaweka extract, yaani maji ya dawa iliyochemshwa, unasubiri. Pale nilipoiweka palibaki duara safi, bakteria wamekataa kumea. Nilipiga nduru watu wote wakageuka.

Mzizi sasa.

Kuna vijidudu vya maji ya chumvi vinaitwa brine shrimp, vidogo kama vumbi. Unaviwekea extract uone kama vitaishi. Vilikufa vyote. Nikapunguza dawa. Vikafa. Nikadhani nimekosea, nikaanza upya na mizizi mingine. Vikafa.

Supervisor wangu akaniambia polepole, "Hii haimaanishi inaua mtu. Lakini ni onyo. Mpaka ipimwe zaidi, mimi singempea mtu anywe."

Nilirudi nyumbani nikitafuta maneno. Unamwambiaje mzazi kwamba kitu kilichokulisha kinaweza kuwa sumu?

Nilimpata akikata sukuma wiki. Nikamweleza yote. Aliniuliza swali moja tu.

"Hao wadudu, hata ukiwapea kidogo wanakufa?"

"Eeh mum. Hata kidogo."

Akaendelea kukata. Nikajua nimemuumiza.

Kesho yake nikaenda naye Toi. Kabla apange kitu chochote, alitoa mzizi wote mezani, akaufunga na kuusukuma nyuma ya kibanda. Akaja Baba Achieng', fundi wa viatu kutoka Kianda, mteja wake wa miaka mingi.

"Mama Nekesa, nipe ile yangu ya tumbo."

"Hiyo siuzi tena. Msichana wangu ameipima, haikupita."

"Aii! Si nimekunywa miaka yote na niko hapa?"

"Uko hapa, na nataka ubaki hapa. Enda clinic wakuangalie hiyo tumbo."

Aliondoka na hasira, akaingia kibanda cha jirani. Wateja wengi walimfuata. Biashara ilishuka, siwezi danganya. Kuna mama alimcheka mum hadharani, eti ameanza kuendeshwa na mtoto. Mum alimhudumia tu mteja mwingine.

Nilisimama hapo nikajiskia mrefu kwa fahari wakuu. Huyo ni mama yangu!

Baba Achieng' alirudi baadaye, amepoa. Clinic walikuwa wamempata na vidonda vya tumbo, wakampa dawa. Hakuomba msamaha, lakini alikuja na dada yake mwenye kidonda cha mguu.

Dada akauliza, "Haya majani si yamepimwa?"

"Yamepimwa kwa sahani, bado kwa mtu," mum akamwambia. "Acha kwanza daktari akione hicho kidonda."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kupima dawa za wazee wetu si kuwadharau. Na kupima ni rahisi. Kukubali majibu ndio kazi, na mathe aliiweza.

Wewe ungethubutu kumwambia mzazi wako? Na angekuskiza? Tupatane hapa chini.

Jina la mzizi msiniulize. Nawajua, mtaenda kuuchemsha.